Kibao cha mkoa hakijengi mji: makao makuu ya mikoa ya Ghana

Tarehe 27 Desemba 2018, Krismasi ikiwa haijapoa, wapigakura wa maeneo kadhaa ya Ghana walipanga foleni kujibu swali moja: mnataka mkoa wenu? Katiba ya 1992 iliiwekea kura hiyo vizingiti viwili. Angalau nusu ya wenye haki ya kupiga kura wajitokeze, na katika waliojitokeza wasiopungua asilimia 80 waseme ndiyo. Kila mkoa uliopendekezwa ulivuka kwa mbali, karibu wote wakisema ndiyo. Kufikia Februari 2019 mikoa 10 ilikuwa imekuwa 16. Ndipo likaja swali lisilopigiwa kura, nalo ndilo lililogombanisha majirani: ofisi ya mkoa ikae mji gani?

Kisheria ugomvi huo hauna mantiki kubwa. Mkoa wa Ghana hautozi kodi na hauna bunge. Una Waziri wa Mkoa anayeteuliwa na Rais na kuthibitishwa na Bunge (Mtanzania amfikirie Mkuu wa Mkoa, hatakosea sana), una Baraza la Uratibu, na una Baraza la Machifu la Mkoa. Fedha za maendeleo zinaruka juu ya mkoa na kutua kwenye halmashauri kupitia Mfuko wa Pamoja, hazina ya taifa inayogawiwa halmashauri. Halmashauri ndiyo inayotoza ushuru wa soko na kutoa kibali cha ujenzi. Mkoa unaratibu, neno ambalo kila aliyewahi kufanya kazi serikalini anajua uzito wake.

Lakini watu hawagombei ugomvi wa bure. Kibao cha mkoa huleta watumishi wenye mshahara wanaohitaji nyumba za kupanga, huleta matawi ya benki, huipandisha hadhi hospitali, na mara nyingi huleta lami. Zaidi ya yote, huleta bei ya kiwanja. Serikali iliona mapema kwamba kila mji ulioshindwa utanuna, ikaamua kuzitawanya idara katika mikoa mipya: Waziri akae mji huu, elimu iende ule, kilimo kiende wa tatu. Kwenye ramani inapendeza. Kwa mwalimu anayefuatilia uhamisho kisha akahitaji saini ya Waziri ni nauli mbili, na akikosa gari la kurudi ni malazi juu yake.

Anayetaka kuujua mji wa Ghana, basi, asianzie ofisi ya mkoa. Aulize ardhi ni ya nani, gulio ni siku gani, na barabara zinaachana wapi. Kusini chifu huketi kwenye kiti cha mti, kaskazini huketi juu ya ngozi ya mnyama. Kwa hiyo ardhi ya kimila kusini huitwa ya kiti, na kaskazini ya ngozi. Sehemu kubwa ya ardhi ya nchi iko katika mikono hiyo ya kimila, serikali ikibaki na kidogo. Waziri anaweza kupewa mji mzima wa kuratibu, akakosa pa kujenga choo cha ofisi mpaka chifu atoe neno.

Kumasi una majibu yote matatu kwa mpigo. Ulisimikwa mwishoni mwa karne ya 17 na Osei Tutu na kuhani wake Okomfo Anokye, na jina lake husemwa kuwa ni "chini ya mti wa kum". Waingereza waliuchoma mwaka 1874. Mwaka 1896 walimkamata mfalme Prempeh wa Kwanza, wakamzungusha Sierra Leone na mwaka 1900 wakamtupa Ushelisheli, visiwa vilevile walikopelekwa Mwanga wa Buganda na Kabalega wa Bunyoro. Mwanga alifia huko mwaka 1903. Yaa Asantewaa, aliyeongoza vita vya 1900, naye alifia huko. Prempeh alirudi mwaka 1924. Katika miaka hiyo yote Kumasi haukuacha kuwa mji mkuu wa watu wake. Kibao cha mkoa wa Ashanti kilipogongomelewa, kiligongomelewa kwenye mlango uliokwisha simama.

Mgeni hukimbilia soko la Kejetia, na ana haki yake. Lakini tabia ya Kumasi inaonekana zaidi katika safari ya karatasi ya kiwanja. Mnunuzi huanza kwa chifu mdogo anayesimamia eneo, ambaye humpa hati ya mgao. Hati hiyo hupelekwa Manhyia, kasri la Asantehene (mfalme wa Ashanti), kwenye ofisi yake ya ardhi, ipigwe idhini. Baada ya hapo huenda Tume ya Ardhi kusajiliwa. Raia hupewa kwa kawaida miaka 99. Asiye raia, Katiba humfunga kwenye 50. Kosa linalowatia watu hasara ni kuishia hatua ya kwanza. Mtu akishapata karatasi ya chifu mdogo hutandaza matofali, akidhani lililobaki ni urasimu tu. Miaka miwili baadaye anatokea mwingine na hati ya kiwanja hichohicho, nayo imepita Manhyia.

Tena kuna hesabu ambayo wengi hawaioni. Kodi ya ardhi ya kiti ina mgao wake wa kikatiba: asilimia 10 inabaki kwa Msimamizi wa Ardhi za Viti, na kile kinachobaki hugawanywa, asilimia 25 kwa kiti chenyewe, 20 kwa mamlaka ya jadi, 55 kwa halmashauri. Mgao mzuri kabisa. Ila kodi hiyo ni ndogo. Fedha halisi iko kwenye kile kinachoitwa "kinywaji": zamani chupa ya pombe kali ya kumshukuru chifu, siku hizi bei kamili ya kiwanja ikiwa imevaa jina la chupa. Kwa kuwa kinywaji si kodi, haiingii kwenye mgao. Halmashauri inaona majumba yanaota, mitaro haipo, na ile asilimia 55 yake ni ya vijisenti. Mafuriko ya Kumasi yana sababu nyingine pia, lakini hii ni mojawapo.

Tamale ni kinyume chake. Ni mji uliozaliwa na ofisi. Mwaka 1907 Waingereza waliyahamisha makao ya himaya yao ya kaskazini kutoka Gambaga, wakayaleta kwenye vijiji vya Wadagomba vilivyokaa penye njia nzuri. Mfalme wa Dagbon, Ya-Na, hakuwa hapo na hayupo hapo hadi leo. Yuko Yendi, karibu kilomita 100 mashariki. Kwa hiyo Tamale ina machifu wa ngazi ya chini na kuhani wa ardhi, lakini jumba kuu liko kwingine. Ukitaka kujua kwa nini mji huu uliwapokea kirahisi wafanyabiashara, mashirika ya misaada, chuo kikuu cha maendeleo kilichoanzishwa mwaka 1992 na kila anayetafuta riziki ya kaskazini, sababu mojawapo ni hiyo. Mji wa ofisi hauulizi sana ukoo. Na ukitaka kujua kwa nini kifo cha Ya-Na kule Yendi mwaka 2002 kiliutia Tamale hofu ya miaka, sababu ni ileile: roho ya mji imewekwa amana mahali pengine. Mgogoro huo ulipata suluhu Januari 2019 alipoketishwa Ya-Na mpya.

Mtaani, Tamale ni pikipiki. Wanawake wanaendesha, mama na mtoto mgongoni, mwanafunzi na mkoba, mfanyabiashara na gunia la siagi ya shea. Barabara kuu zina njia za pembeni za baiskeli na pikipiki, jambo ambalo Accra haijaliweza. Tatizo lake ni la kila mji wenye nafasi tupu: mwenye meza ya vocha hutangulia kuikalia, mwenye pikipiki hurudi katikati ya malori.

Gambaga nao una kisa chao. Mwaka 2019, miaka 112 baada ya kunyang'anywa makao makuu, mkoa wa North East ulizaliwa palepale kwao. Makao makuu yakaenda Nalerigu, kilomita chache tu, kwa kuwa huko ndiko aliko Nayiri, mfalme wa Mamprugu. Damongo nao ulipata mkoa wa Savannah ukiwa tayari kiti cha Yagbonwura, mfalme wa Gonja. Ukisoma orodha ya 2019 kwa makini utaona serikali ya karne ya 21 ikirekebisha kosa la Mwingereza: yeye aliweka ofisi mbali na jumba la mfalme, hawa wameirudisha mlangoni. Ni uamuzi wa busara kwa amani. Kwa mipango miji una gharama yake, kwa sababu mwenye ardhi na mwenye serikali sasa wanakutana kila Jumatatu, na Waziri mwenye miaka minne ya kukaa hatashindana na mfalme wa maisha.

Sekondi-Takoradi unafundisha jambo jingine: ofisi na mfuko vinaweza kuishi nyumba mbili. Reli ilianza kujengwa kutoka Sekondi mwaka 1898, ikafika Tarkwa kwenye dhahabu mwaka 1901 na Kumasi mwaka 1903. Sekondi ukawa mji wa watu wa reli. Kisha mwaka 1928 bandari ya kina kirefu ikafunguliwa Takoradi, meli zikahama, na fedha zikazifuata. Ofisi za mkoa zikabaki Sekondi. Miji hiyo iliunganishwa mwaka 1946, lakini mkazi bado anakwambia anakwenda Sekondi kwa shughuli ya serikali na Takoradi kwa shughuli yake. Wafanyakazi wa reli na bandari wa hapo ndio waliogoma mwaka 1961 kupinga bajeti ya Nkrumah, miaka minne tu baada ya uhuru, wakati sehemu kubwa ya nchi ikiwa bado inampigia makofi. Ni mji wenye kumbukumbu ya chama cha wafanyakazi, na hadi leo hauchukui ahadi mkopo.

Mafuta yalipogunduliwa baharini mwaka 2007 na kuanza kutoka Desemba 2010, Takoradi ukaitwa Mji wa Mafuta. Wenye nyumba wakaanza kutaja kodi kwa dola, na mwalimu aliyekuwa amepanga vyumba viwili akahamia nje ya mji. Walichosahau ni kwamba mafuta yale hayapiti mjini. Hupakiwa hukohuko baharini, kama kilomita 60 kutoka pwani, kwenye meli iliyotia nanga, kisha huondoka zake. Bandari ilipata kazi ya meli za huduma, hoteli zikapata wageni wa wiki mbili-mbili, basi. Bei ya mafuta duniani iliposhuka mwaka 2014, mahoteli yalibaki na vyumba vitupu. Kodi za nyumba hazikushuka kwa kasi ileile. Kodi ina tabia ya kupanda ngazi na kusahau njia ya kushukia.

Cape Coast tusikae sana, maana umeandikwa vya kutosha kwa sababu ya ngome ya watumwa. Ulikuwa makao makuu ya koloni hadi 1877, yalipohamia Accra. Shule ya Mfantsipim ilikuwa imefunguliwa mwaka mmoja kabla, 1876, na hapo ndipo mji ulipopata kazi mpya bila kujua. Leo Cape Coast unauza elimu ya bweni. Maseremala wake huunda makasha ya mbao yenye kufuli, ambamo mwanafunzi huficha gari (si la magurudumu, ni muhogo uliokunwa, ukachachushwa na kukaangwa), sukari, maziwa ya unga, na shito, ile pilipili nyeusi ya samaki wakavu. Gari likilowekwa kwa maji baridi na sukari na karanga, mwanafunzi hulala ameshiba. Elimu ya sekondari ilipofanywa bure mwaka 2017, na mwaka uliofuata wanafunzi wakaanza kuingia kwa zamu kwa kukosa nafasi, kalenda ya mji ilivurugika pamoja na ya shule.

Koforidua ulianzishwa na wakimbizi wa Juaben walioshindwa vita na Kumasi mwaka 1875. Alhamisi ni siku ya soko la shanga, na mwenye kutaka shanga za kale aende asubuhi. Ho, mji wa Waewe ambao Wajerumani waliutawala kabla ya Vita vya Kwanza, ni safi na mpole na umejengewa uwanja wa ndege. Safari za abiria zilianza mwaka 2021 na hazikudumu: Accra iko saa tatu au nne kwa barabara, na abiria akijumlisha kwenda uwanjani, kungoja na kushuka, anakuta alichookoa ni kidogo.

Sunyani unapinga kichwa cha makala hii, na haki yake isifichwe. Ulifanywa makao makuu mwaka 1959, Nkrumah alipouchonga mkoa wa Brong-Ahafo kutoka ubavuni mwa Ashanti, na kwa miaka 60 kibao kiliujenga kweli: barabara zilizonyooka, miti, watumishi, chuo kikuu. Lakini angalia nani aliupigania mkoa huo. Aliyejitoa katika Baraza la Ashanti mwaka 1951 na kuwakusanya Wabono alikuwa chifu wa Techiman, Nana Akumfi Ameyaw wa Tatu. Techiman ulipigana, Sunyani ukapewa. Mwaka 2019 Techiman ukapata kibao chake, cha Bono East, na swali la haki ni kama ulikuwa bado unakihitaji.

Kwa kuwa Techiman ni soko kabla ya kuwa kitu kingine. Jirani yake ulikuwepo Begho, mji wa kale ambako dhahabu na kola ya msituni ilibadilishwa na bidhaa za wafanyabiashara kutoka kaskazini. Leo barabara za Kumasi, Tamale, Wenchi na Sunyani zinaachana hapo. Soko kubwa la wiki huanza kujaa Jumatano na kuchemka Alhamisi na Ijumaa. Kila bidhaa ina malkia wake: malkia wa viazi vikuu, malkia wa nyanya, malkia wa mahindi. Anasuluhisha deni, anapanga nani ashushe lini, na lori likijaa kupita kiasi anaweza kulizuia lisishushe ili bei isianguke. Wachumi wanamlaumu kwa hilo. Wakulima nao wanamlaumu, lakini ni yeye huyohuyo anayewakopesha msimu wa kupanda.

Ugonjwa wa soko hilo uko kwenye gunia. Mahindi huuzwa kwa gunia, na gunia halina kilo. Gunia lililozoeleka katika biashara ya jumla hufika kilo 130 na kupita, wakati gunia la kawaida ni la 100 au 50. Ndiyo lumbesa ileile inayopigwa marufuku Tanzania kila mwaka. Mnunuzi huja na gunia lake, huchomekea juu na kushona kamba kama wavu, na bei inabaki ya gunia moja. Mkulima anapoteza kilo 30, kuli anapoteza mgongo. Ukifika kwa mchuuzi, gunia hilo linafunguliwa na kupimwa kwa bakuli liitwalo olonka, lenye kama kilo mbili na nusu za mahindi, na hapo ndipo faida ya kilo zile inapohesabiwa.

Ugonjwa wa pili ni unyevu. Mahindi ya msimu mkubwa huvunwa Agosti na Septemba, mvua zikiwa karibu, na mwenye haraka ya fedha huyaleta hayajakauka. Yakiwa juu ya asilimia 13 ya unyevu huota ukungu ghalani, na sumu yake haiondoki kwa kupika. Asiye na kipimo hutumia chupa na chumvi. Chukua chupa ya kioo iliyokauka kabisa, tia mahindi hadi theluthi, ongeza vijiko viwili vya chumvi kavu, funga, tikisa dakika chache, kisha iache robo saa. Chumvi ikishikamana na kioo, mahindi ni mabichi. Ikianguka chini, yamefika kama asilimia 15 au chini yake, na bado yaanikwe hadi 13. Kosa la kawaida ni kutumia chumvi iliyokwisha kunyonya unyevu wa jikoni, ambayo hushikamana hata na mahindi makavu.

Kama kibao cha mkoa kitamsaidia mtu Techiman, kiwekwe kwenye mizani. Jengo jipya la ghorofa halitamletea mkulima chochote, lakini mizani iliyokaguliwa katika kila lango, na sheria kwamba ushuru unalipwa kwa kilo, itamfikia wiki hiyohiyo. Kikwazo ni kwamba ushuru ni wa halmashauri, na mkoa unaratibu.

Kaskazini ya mbali, Bolgatanga una soko kila baada ya siku tatu na vikapu vilivyofika maduka ya Ulaya. Nyasi hupasuliwa kwa urefu, nusu mbili husokotwa pamoja, huchemshwa kwenye rangi, ndipo mwanamke huanza kusuka kuanzia kitako. Mpini hufunikwa ngozi, kazi ya wanaume. Kikipinda safarini hakitupwi. Hulowekwa, huumbwa upya kwa mikono na kuanikwa. Lililo gumu ni kwamba nyasi nyingi sasa huja kwa lori kutoka kusini, kwa hiyo msusi wa Bolgatanga hununua malighafi kwa bei ya Kumasi na kuuza kwa bei ya mnunuzi wa nje. Mji wa Wa, uliopata mkoa wake mwaka 1983 mkoa wa Upper ulipogawanywa, bado unajivunia jumba la udongo la mfalme wake, Wa Naa, kuliko ofisi yoyote ya serikali, na hakuna wa kuulaumu.

Kati ya makao makuu mapya, wa kuutazama ni Dambai, wa mkoa wa Oti. Hauna jumba la mfalme mkubwa wala soko la Techiman. Una maji. Bwawa la Akosombo lilipofungwa miaka ya 1960, ziwa lilipanda likameza mji wa kale wa Kete Krachi na kukata barabara nyingi za eneo hilo, na ndiyo maana Dambai una feri ya kuvukia Dodoikope. Chini ya maji kuna visiki vya msitu uliozama, vinavyotoboa mitumbwi ukame ukishusha kina. Viazi vikuu vya ng'ambo huvukia hapo. Kiazi kizima hukaa miezi, lakini kilichochubuliwa jembe huanza kuoza mapema, na kikiwa katikati ya rundo kwenye lori lililofunikwa turubai juani, joto huozesha na majirani zake. Feri ikiharibika, dereva huhesabu siku, huku anasikiliza harufu ya mzigo wake, na kwenye ufuko huohuo, bahasha ya idara moja kwenda nyingine nayo inangoja kuvuka.